Krayoni, penseli nene na karatasi tupu: kifaa kipi kinamwacha mtoto aonekane?

Chukua michoro ya watoto kumi wa darasa moja la awali, funika majina, itandaze mezani. Mtu anayewafahamu watoto hao akiweza kutambua walau michoro sita au saba ni ya nani, basi vifaa vilivyotumika ni vizuri. Akishindwa kabisa kwa sababu yote kumi inafanana, waliochora si watoto. Ni kitabu, ni stensili au ni programu. Hicho ndicho kipimo tunachotumia katika tathmini hii ya vifaa vya kuchora na kuandika kwa watoto wa miaka 2 hadi 7. Ni kipimo kikali, na bidhaa nyingi zenye neno “ubunifu” kwenye kasha hazikivuki.

Tuanze na mkono, kwa kuwa kifaa kisichoendana na mkono hakina maana hata kikiwa na rangi mia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hushika kalamu kwa ngumi, na nguvu yote hutoka begani. Kati ya miaka 2 na 3 kiganja hugeuka kikatazama chini, kidole cha shahada kikanyooka kuelekea ncha, na sasa kiwiko ndicho kinachoongoza. Karibu na miaka 3 na nusu hadi 4, vidole vitatu huishika kalamu, lakini kinachosogea bado ni kifundo cha mkono. Vidole vyenyewe kuanza kucheza, yaani kukunja na kunyoosha huku kiganja kimetulia juu ya karatasi, ni jambo la kati ya miaka 4 na nusu na 7. Watoto hawapiti hatua hizi kwa siku moja wala kwa mpangilio mmoja. Mtoto wa miaka 5 akichoka hurudi kwenye mshiko wa miaka 3, na hilo si tatizo la kukimbilia kwa mtaalamu.

Krayoni za kawaida

Crayola ndiyo inayojulikana zaidi. Kasha la kwanza lilitoka mwaka 1903 likiwa na rangi nane. Krayoni yao ya kawaida ina urefu wa takriban milimita 92 na unene wa milimita 8, na zipo nene zaidi kwa ajili ya wadogo. Kwa kipimo chetu, krayoni ya nta ndiyo kifaa chenye alama ya juu kuliko vyote, na sababu yake ni moja: inapokea kila kitu ambacho mkono unafanya. Ukibonyeza, rangi hukolea. Ukilegeza, hufifia na vinyweleo vya karatasi vikaonekana. Ukiilaza ubavu, unapata mkanda mpana. Mtoto mwenye hasira, mtoto mwoga, mtoto mwenye haraka: kila mmoja huacha mstari wake. Maka peni haifanyi hivyo hata kidogo.

Kasoro zake zipo. Nta ya parafini huanza kulainika karibu na nyuzi 40 za Sentigredi, kwa hiyo kasha lililoachwa kwenye gari lililofungwa au dirishani juani hugeuka bonge moja. Krayoni za bei nafuu zenye nta nyingi na rangi kidogo huteleza juu ya karatasi bila kuacha kitu. Mtoto hubonyeza zaidi, inavunjika, anaambiwa yeye ndiye mharibifu. Namna ya kuzipima ni rahisi. Chukua nyekundu na nyeusi, chora mstari mmoja wa sentimita 10 kwa nguvu ya kawaida kwenye karatasi nyeupe, kisha pitisha kidole. Mstari usipoonekana vizuri ukiwa umesimama hatua mbili kutoka mezani, au ukitoka vumbi la nta kama magamba, zirudishe dukani.

Kuhusu krayoni zilizovunjika, tunakwenda kinyume na mazoea ya kuzitupa. Kipande cha sentimita 2 au 3 hakishikiki kwa ngumi, hakuna nafasi. Vidole vitatu vinalazimika kukishika, na mshiko sahihi unakuja bila mtu kusema “shika vizuri”. Kwa mtoto wa miaka 4 anayeng’ang’ania ngumi, vunja krayoni makusudi, toa karatasi yake, mpe vipande. Lakini kwa mtoto aliye chini ya miaka 3 hali ni tofauti. Silinda inayotumika kupima vitu vinavyoweza kumkaba mtoto ina kipenyo cha milimita 31.7, krayoni nzima haiingii humo ikazama, kipande cha sentimita 2 kinazama chote. Kwa hiyo wadogo wapewe nzima na nene, na vipande viokotwe.

Idadi ya rangi? Nane zinatosha kwa miaka 2 na 3, kumi na mbili hadi kumi na sita kwa miaka 4 na 5. Kasha la rangi 64 lenye kichongeo kwa nyuma, ambalo Crayola walilitoa mwaka 1958, ni zuri kulitazama, ila mtoto wa miaka 3 hutumia muda wake kuzimwaga na kuzipanga badala ya kuchora. Kupanga nako ni kazi halali ya mtoto, isipokuwa hukununua kwa ajili hiyo. Angalia pia kasha lako baada ya mwezi: nyeusi na nyekundu zimekwisha, njano na nyeupe zimebaki ndefu. Njano haionekani kwenye karatasi nyeupe na nyeupe haifanyi chochote hapo. Mpe karatasi nyeusi au ya kaki mara moja kwa wiki, hizo mbili zitapata kazi.

Halafu kuna jambo la rangi ya ngozi, ambalo kwa mada hii si dogo. Mtoto wa miaka 4 hadi 6 hujichora yeye na watu wake mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Kasha la rangi 12 kwa kawaida lina kahawia moja tu, nzito, ambayo ukibonyeza hufunika macho na mdomo uliokwisha kuchorwa. Matokeo yake nyuso huachwa nyeupe, au hupakwa chungwa. Hadi mwaka 1962 Crayola walikuwa na rangi iliyoitwa kwa jina la “ngozi” ambayo kwa kweli ilikuwa ya ngozi ya watu wa aina moja tu. Mwaka huo wakaibadilisha jina. Mwaka 2020 wakatoa seti ya rangi 24 za ngozi peke yake. Seti hiyo inastahili kununuliwa na darasa. Kwa nyumbani, hila ni hii: mfundishe mtoto kupaka kahawia kwa kulaza krayoni ubavu, kwa wepesi, *kabla* ya kuchora macho, kisha kuongeza tabaka la pili la nyekundu au njano mpaka atakapopata anayoiona mkononi mwake. Mkono wenyewe uwekwe juu ya karatasi, alinganishe.

Nta ya nyuki

Stockmar hutengeneza krayoni za nta ya nyuki, za vijiti na za vibonge vya pembe nne. Rangi zake zinapenyana, ukipaka bluu juu ya njano unapata kijani cha kweli, na hazivunjiki ovyo. Kibonge ni kizuri sana kwa mtoto wa miaka 2 na 3 kwa kuwa hakina upande usiofaa. Ila nta hii ni ngumu ikiwa baridi. Bila kuipasha kiganjani kwa dakika moja hutoa rangi hafifu na mtoto huiacha. Na kibonge hakiandiki. Mtoto anapoanza kutaka kuweka herufi ya jina lake pembeni ya picha, kibonge kinamzuia, maana mstari mwembamba hutoka kwenye kona tu. Hapo mhamishie kwenye vijiti au kwenye penseli.

Penseli nene za rangi

Hapa kuna bidhaa mbili tunazoziheshimu kwa sababu tofauti.

Lyra Ferby ni penseli fupi, ya sentimita 12 hivi, yenye pembe tatu na kiini kinene cha zaidi ya milimita 6. Ufupi ndio ubora wake. Penseli ya kawaida ya sentimita 17 na nusu, mkononi mwa mtoto wa miaka 4, ina mkia mrefu unaoyumba juu ya kidole gumba na kuvuta ncha. Fupi haina mkia huo. Pembe tatu zinavipa vidole vitatu mahali pa kukaa bila maelezo, na penseli haibingirii ikaanguka, jambo linalookoa viini: penseli iliyoanguka sakafuni mara kadhaa huvunjika ndani, na kila ukiichonga kipande kinadondoka.

STABILO woody ni kitu kingine. Kiini chake ni cha milimita 10, kinafanya kazi ya penseli, ya krayoni na, ukipitisha brashi yenye maji, ya rangi ya maji. Huandika hata kwenye kioo. Mtoto mwenye mkono dhaifu, ambaye krayoni ya kawaida inamchosha kwa sababu inadai nguvu, hapa anapata rangi nzito kwa kugusa tu. Tumesema krayoni inapokea nguvu ya mkono. Kwa mtoto huyu nguvu hiyo haipo, na kumnyima rangi kwa sababu hiyo si haki. Hasara: laini mno, kinakwisha upesi, kinachafua mikono na mikono ya shati, na kinahitaji kichongeo chake chenye tundu pana. Usinunue bila kichongeo hicho. Kwa kioo, futa kwa sponji lenye maji; kwa ukuta usiopakwa rangi ya mafuta au mbao mbichi, usithubutu.

Penseli ya risasi ya kuandikia: chagua B au 2B badala ya HB kwa miaka 4 hadi 6. Daraja la B ni laini zaidi, huacha mstari mweusi bila mtoto kukandamiza. Mtoto anayetoboa karatasi kwa HB mara nyingi hana tatizo la hasira, anatafuta weusi. Mpe 2B, na chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa mara mbili ili sehemu ya chini iwe na ulaini kidogo. Mtoto mwenye tatizo la kinyume, anayegusa kwa woga, umwondolee gazeti hilo.

Raba iwekwe mbali. Si kwa adhabu. Mtoto mwenye raba mkononi hutumia nusu ya muda kufuta, na alichofuta kwa kawaida ndicho kilichokuwa chake. Mwonyeshe namna ya kukata neno kwa mstari mmoja na kuendelea.

Maka peni

Zina mvuto, rangi zake zinang’aa, na mtoto asiye na nguvu anazipenda. Kwa kipimo chetu zinapata nusu. Mstari wa maka peni una unene uleule na wingi uleule wa rangi kuanzia mwanzo hadi mwisho, hata mtoto abonyeze vipi. Ukibonyeza sana, ncha huzama ndani ya kalamu na ndio mwisho wake. Ukiamua kununua, angalia mambo matatu: ncha ya koni nene iliyozuiwa isizame, wino unaotoka kwa maji, na kifuniko chenye tundu la hewa. Tundu hilo lipo kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ISO 11540, ili kifuniko kikimkwama mtoto kooni hewa ipite wakati anasaidiwa. Hifadhi kalamu zikiwa zimelala. Zikisimama ncha juu hukauka mapema. Karatasi ya gramu 80 huvuja, kwa hiyo tumia ya gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba au weka karatasi nyingine chini.

Zina kazi moja zinayoifanya vizuri kuliko krayoni: mstari wa nje. Mtoto wa miaka 5 achore umbo kwa maka peni nyeusi kisha apake ndani kwa krayoni. Nta haichanganyiki na wino uliokauka, weusi unabaki.

Karatasi, ambayo watu huifikiria mwisho

Ukiwa na fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, boresha karatasi, na kwa “kuboresha” tunamaanisha ukubwa kwanza. Mtoto wa miaka 2 anachora kwa bega. Ukimpa A4 ya milimita 210 kwa 297, nusu ya mchoro wake unaishia mezani na anagombezwa kwa kosa la karatasi. Mpe A3, au karatasi ya kaki iliyokatwa kutoka kwenye bunda, ibandikwe kwa gundi ya karatasi kwenye pembe zote nne isiteleze. Ikibandikwa ukutani, katikati yake pawe usawa wa macho ya mtoto. Ukutani kifundo cha mkono kinalazimika kukunjika kwa nyuma, mkao uleule anaouhitaji baadaye kuandika, na bega linapata mazoezi.

Mtoto wa miaka 4 na kuendelea, A4 inatosha siku nyingi. Gramu 80 kwa krayoni na penseli. Kuanzia 160 kwa rangi za maji, pungufu ya hapo karatasi hujikunja kama jani kavu. Karatasi inayong’aa isinunuliwe kabisa. Nta na risasi zinahitaji ukwaruzo ili zishike, na mtoto anahitaji ukwaruzo huo ili ahisi mkono wake umefika wapi. Hii ndiyo sababu pia ubao mweupe wa kalamu za kufutika, kwa mtoto anayeanza, ni mbaya kuliko ubao mweusi na chaki: kalamu inateleza, mkono unapita alipotaka kusimama, na herufi zinakuwa kubwa ovyo. Kishikwambi kina tatizo hilohilo na jingine juu yake, kile kitufe cha kurudisha nyuma na mihuri ya picha zilizokwisha kuchorwa. Watoto kumi wenye muhuri mmoja wa farasi wana farasi mmoja.

Ubao wa sumaku unaofutwa kwa kusogeza mkono ni mzuri safarini. Haubaki na kitu, kwa hiyo hatuupimi.

Vitabu vya kupaka rangi na vya kufuatisha nukta

Vitabu vya kupaka rangi havimdhuru mtoto. Vinamfundisha kusimamisha mkono kwenye mpaka, na kwa mtoto aliyechoka ni mapumziko. Ila kwa mada ya utu wa mtoto kuonekana, vinafeli: umbo limeamuliwa na mtu mzima, na mtoto anayezoea tembo aliyechorwa vizuri huanza kusema “sijui kuchora tembo” akifika miaka 5. Kimoja nyumbani kinatosha, na kisiwe ndicho kinachotolewa kwanza.

Vya kufuatisha nukta ndivyo tunavyovilaumu zaidi. Vinauzwa kama vitabu vya kufundisha kuandika, lakini mtoto anayefuatisha nukta anatazama nukta inayofuata, haioni herufi. Mpe *a* ya nukta, wengi wataanza chini, watapanda na mguu kwanza, kisha watazungusha duara upande usiofaa. Ukurasa unaonekana safi na kila herufi imeundwa kinyume. Ukimwambia aandike bila nukta hawezi. Kama lazima ununue, chagua chenye doa la kuanzia na mshale wa mwelekeo, chenye herufi za nukta zisizozidi tatu au nne kwenye mstari, na nafasi tupu baada yake. Kurasa zenye herufi ishirini za nukta hazina kazi. Ya kumi na tano imeandikwa na mkono uliochoka, na ndiyo mazoea yanayobaki.

Na usianze kabla maumbo hayajaja. Kwa wastani mtoto huweza kunakili mstari wa wima akiwa na miaka 2, wa mlalo miaka 2 na nusu, duara miaka 3, msalaba miaka 4, mraba miaka 4 na nusu hadi 5, pembetatu miaka 5. Mistari ya mshazari huchelewa. Mtoto ambaye jina lake linaanza na K au M ana kazi ngumu kuliko wa O au L, na hilo halihusiani na akili yake.

Daftari la nusu kwa nusu

Kwa miaka 5 hadi 7 hii ndiyo bidhaa tunayoipendekeza bila kusita: daftari ambalo nusu ya juu ya ukurasa ni tupu kwa ajili ya picha na nusu ya chini ina mistari. Mistari ya kuanzia iwe na nafasi ya milimita 20 hivi. Baada ya miezi kadhaa punguza hadi 12 au 15. Lile lenye mistari minne ya kubana herufi liwekwe kando kwanza, maana mtoto mwenye jambo la kusema hukwama kwenye mistari na kulisahau jambo lenyewe. Kama halipatikani dukani, chukua karatasi A4, chora mistari mitatu au minne kwa rula sehemu ya chini, na kushona au kubana karatasi nane kwa pini kunakupa kijitabu.

Mpangilio wake ni picha kwanza, maneno baadaye. Picha inashika wazo wakati mkono unahangaika na herufi. Mtoto amechora nyumba yenye mbwa juu ya paa, muulize “niambie kuhusu picha yako”, si “hii ni nini?”, ambalo kwa mtoto lina maana kwamba umeshindwa kuitambua. Akisema, yeye mwenyewe aandike anachokisikia. Mwanzoni itakuwa mikunjokunjo inayofanana na mwandiko, kisha herufi za jina lake zilizotawanywa, kisha sauti chache za kila neno. Kiswahili kinamsaidia sana hapa kwa sababu kila irabu inasomwa namna moja. “Mama” inaweza kuja kama MM au AA, baadaye MAMA. Penye sauti za puani, kama m na ny, utaona pengo: “mbwa” inakuwa BWA, “nyumba” inakuwa NUBA. Huyo amesikia kwa usahihi sehemu kubwa ya neno. Andika umbo sahihi kwenye kikaratasi pembeni ukitaka, si juu ya mwandiko wake kwa kalamu nyekundu.

Ukiandika wewe kwa niaba yake, andika maneno yake. Akisema “mbwa yangu”, kuna walimu watakaoandika “mbwa wangu”. Sisi tunaandika alichosema, kisha tunakisoma kwa sauti tukionyesha kila neno kwa kidole, na ngeli tunaifundisha kwenye mazungumzo saa nyingine. Mtoto asiyekuta maneno yake kwenye karatasi yake huacha kukuamini kuwa maandishi hubeba alichosema, na hilo ndilo somo lote la mwaka wa kwanza. Omba ruhusa pia kabla ya kuandika juu ya picha. Wapo wanaokataa, wapewe kikaratasi.

Herufi zilizogeuka kama kwenye kioo, S, N, 3, ni jambo la kawaida hadi karibu miaka 7. Hazihitaji kitabu maalumu.

Angalia jambo moja la mwisho kwenye daftari kabla ya kulipia: limebanwa wapi? Lenye waya upande wa kushoto humgonga mkono mtoto anayetumia mkono wa kushoto kwenye kila mstari. Mtafutie lililobanwa juu. Karatasi yake iwekwe kushoto kidogo mwa kifua, kona ya juu iinamie kulia, na mkono ukae chini ya mstari, usipinde kwa juu kama ndoano. Kwa wa kulia, karatasi iwekwe kinyume chake.

Alama za usalama na uhifadhi

Neno “haina sumu” peke yake kwenye kasha halithibitishi chochote. Tafuta EN 71-3, ambacho ni kipimo cha Ulaya cha metali zinazoweza kutoka kwenye kichezeo, au ASTM D-4236, kanuni ya tahadhari za afya kwenye vifaa vya sanaa, na muhuri wa AP (“Approved Product”, yaani bidhaa iliyoidhinishwa) kwa bidhaa za Marekani. Kasha lisilo na jina la mtengenezaji wala alama hizo liache dukani, hasa kwa mtoto ambaye bado anatafuna.

Nyuma ya kila mchoro unaouhifadhi andika kwa penseli tarehe, umri kwa miaka na miezi, mkono uliotumika na alichosema. Mmoja kila wiki mbili unatosha, na mtoto achague nusu yake. Michoro ya nta isipangwe uso kwa uso. Kwenye joto huachiana rangi na kugandana. Weka karatasi nyembamba katikati ya kila mmoja, laza faili, usilisimamishe, na usiliweke juu ya kabati lililo chini ya bati.